Madam C. J. Walker, mama wa kufua nguo aliyeanza kwa kutibu kichwa chake

Nywele zilianza kumtoka Sarah Breedlove alipokuwa bado mama wa kufua nguo mjini St. Louis, Marekani, miaka ya 1890. Kichwa kiliwasha usiku na mchana, ngozi ilibanduka kama magamba, na mahali pengine palibaki wazi kabisa. Alijifunga kitambaa, kama wamama wengi wanavyofanya mpaka leo, akaendelea kuinama juu ya beseni za wateja wake. Kazi ile ilimpa dola moja, mara nyingine moja na nusu kwa siku, na alikuwa na binti wa kusomesha.

Miaka 20 baadaye mama huyo huyo, kwa jina jipya la Madam C. J. Walker, alikuwa na kiwanda chake, nyumba mjini New York, na maelfu ya wamama waliopita mlango kwa mlango wakiuza dawa yake ya kichwa. Amekufa tangu 1919. Lakini inafaa kumkumbuka sasa, wakati habari za kupandikiza nywele zinafika mpaka Yahuma kupitia simu: video za wanaume waliokwenda Istanbul na upara, wakarudi na nywele. Wanaporudi wanabeba pia karatasi ya maelezo na chupa ya shampuu. Watu wanaangalia nywele, chupa wanaisahau. Kumbe maisha ya Madam Walker yalizunguka paka ile chupa.

Mtoto aliyezaliwa huru

Sarah alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa wametumikishwa kama watumwa katika shamba la pamba ambamo yeye alizaliwa. Wakubwa wake walizaliwa utumwani. Yeye ndiye wa kwanza katika familia kuzaliwa huru, maana vita vya ndani vya Marekani vilikuwa vimeisha 1865. Uhuru huo haukuja na shamba wala pesa. Wazazi waliendelea kulima pamba ya mtu mwingine, na Sarah alipofika miaka 7 wote wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Dada yake Louvenia ndiye alimlea. Walivuka mto mpaka Vicksburg, jimbo la Mississippi, wakatafuta kazi za nyumbani. Shemeji yake alikuwa mtu mkali aliyemtesa, na Sarah akaolewa na Moses McWilliams akiwa na miaka 14, zaidi ili atoke katika nyumba ile. Binti yao Lelia alizaliwa 1885. Haikupita muda mrefu Moses akafariki, na Sarah akawa mjane wa miaka 20, mwenye mtoto mgongoni na shule ya miezi michache tu.

Alifuata kaka zake St. Louis. Hao walikuwa vinyozi. Jambo hili wengi wanalipita haraka wanapomsimulia, lakini lina uzito: mama aliyekuja kuwa jina kubwa la nywele alikuwa na ndugu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa vichwa vya watu. Waliokuja kumwita mama aliyeokota utajiri njiani hawakuangalia alikotoka.

Aliolewa mara ya pili na mtu aitwaye John Davis, ndoa ngumu iliyovunjika. Kwa miaka zaidi ya kumi aliishi kwa kufua.

Nywele zilitoka kwa sababu gani

Wakati ule shida ya Sarah haikuwa ya peke yake. Wamama wengi weusi wa Marekani walipoteza nywele, na sababu zilikuwa wazi kwa mtu aliyetaka kuziona. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na bomba ndani. Maji yalichotwa nje, yakapashwa moto kwa kuni, yakatumika kwanza kupika na kufua. Kuosha kichwa kulingoja. Wengine walikaa mwezi mzima, na wakati wa baridi kali hata zaidi, bila kugusa nywele kwa maji. Mafuta, jasho na vumbi vilijikusanya, mba ukaota, vidonda vikafuata.

Halafu kulikuwa na sabuni yenyewe. Sabuni za nyumbani zilitengenezwa kwa soda kali, na aliyekosea kipimo alichoma ngozi. Hapa mkaaji wa Yahuma hahitaji kuelezwa mingi. Katika wilaya ambamo mawese hayakosekani, sabuni ya mawese na soda kostiki ni kitu cha kawaida, na kila mtu anajua kipande kinachouma mikono. Kipande kile kile kikipakwa kichwani kwa mtoto, ngozi ya kichwa inakauka, inapasuka, na mlango wa ugonjwa unafunguka. Juu ya hayo yote weka chakula kibaya, homa za mara kwa mara, na nywele zilizovutwa sana wakati wa kusuka. Mama wa St. Louis wa 1895 na mama wa Yahuma wa leo wangeelewana bila mkalimani.

Sarah alijaribu dawa za watu. Alijaribu za kutengeneza mwenyewe na za kununua. Mwaka 1904, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia mjini St. Louis, alianza kuuza dawa za Annie Turnbo, mama mweusi kama yeye ambaye alikuwa tayari na biashara ya kutibu nywele. Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kama Annie Malone, anastahili nafasi yake hapa. Dawa yake ya kukuza nywele ilikuwa sokoni kabla ya ile ya Walker, na jina la dawa zote mbili karibu ni lile lile. Sarah alijifunza kazi kwake. Baadaye walikuwa wapinzani wakali, na mpaka leo watu wanabishana nani alitangulia. Ukweli ni kwamba Annie Turnbo alitangulia.

Ndoto, na kile kilichokuwa ndani ya kopo

Mwezi wa 7 wa 1905 Sarah alihamia Denver, jimbo la Colorado, akiwa, wanavyosimulia, na dola moja na nusu tu. Alipata kazi ya kupika, na inasemekana bosi wake mmoja alikuwa mfamasia aliyemsaidia kuelewa dawa. Mwanzo wa 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua matangazo ya magazeti. Kutoka hapo ndipo jina: Madam C. J. Walker. Neno Madam alilichagua mwenyewe, wakati wazungu wengi walimwita mama mweusi yeyote kwa jina lake la utoto au shangazi tu.

Kuhusu dawa, alikuwa na hadithi yake. Alisimulia kwamba mtu mweusi mkubwa alimtokea katika ndoto, akamwambia vitu vya kuchanganya, na kwamba vingine viliota Afrika, akaviagiza. Ni hadithi nzuri, na iliuza makopo mengi. Kwa mtoto wa watumwa kusema kwamba dawa yake imetoka Afrika, wakati ule ambapo Afrika ilitajwa kwa dharau, haikuwa kitu kidogo. Lakini dawa yenyewe haikuhitaji ndoto. Kitu kilichofanya kazi ndani ya kopo kilikuwa salfa, ule unga wa njano ambao waganga wa ngozi waliutumia tangu zamani sana, uliochanganywa na mafuta mazito na kutiwa harufu ya maua.

Salfa inalegeza magamba ya ngozi na kupunguza vijidudu na kuvu. Hailazimishi unywele kuota. Inatibu udongo, nywele zinaota zenyewe ikiwa mzizi bado uko hai.

Na kopo lile halikutumika peke yake, jambo ambalo wengi wanasahau. Utaratibu wa Walker ulianza kwa kuosha. Aliuza shampuu yake ya mimea, na wamama aliowafundisha walitakiwa kuosha kichwa cha mteja vizuri, kulegeza magamba, kusuuza, kukausha, ndipo wapake dawa kwenye ngozi, si kwenye nywele. Alikuwa pia na dawa nyingine maalumu kwa vichwa vyenye ugonjwa wa ngozi. Alihubiri kuosha mara nyingi zaidi kuliko watu walivyozoea. Kwa wateja wengi nusu ya muujiza ulikuwa hapo: maji safi, sabuni isiyochoma, na vidole vya mtu aliyefundishwa.

Wengine wanamtaja kama aliyebuni kitana cha moto cha kunyoosha nywele. Apana. Kitana kile kilikuwepo Ulaya kabla yake. Alikitumia katika kazi yake, lakini hakupenda kabisa kuitwa mnyoosha nywele; alijiona kama mtu anayetibu vichwa.

Kile ambacho hakukijua

Madam Walker hakuona upasuaji wa kupandikiza nywele. Mwaka 1939, miaka 20 baada ya kifo chake, munganga mmoja wa Japani, Shoji Okuda, aliandika jinsi alivyochukua vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvipanda mahali palipoungua au palipobaki wazi. Vita vikaja, maandishi yake yakakaa bila kujulikana nje. Miaka ya 1950, mjini New York, mji ambao Walker aliishi miaka yake ya mwisho, Norman Orentreich alifanya kazi hiyo kwa wanaume wenye upara na kuitangaza mwaka 1959. Alionyesha kwamba unywele uliotolewa nyuma ya kichwa unabaki na tabia ya kule ulikotoka, hata ukihamishiwa mbele. Upara wa kawaida wa wanaume hauli nywele za nyuma. Ndiyo maana zinahamishwa hizo.

Leo mbinu imekuwa ndogo na safi zaidi, mzizi kwa mzizi. Lakini kanuni aliyoijua mama wa kufua nguo haijahama. Munganga wa kweli hapandi kwenye kichwa chenye ugonjwa. Kama kuna mapunye, vidonda, au mba mkali, kwanza vinatibiwa, na shampuu ya dawa ni moja ya vyombo vya kazi hiyo. Hapo shampuu inakuja kabla ya kisu.

Baada ya kisu ni habari nyingine, na huko ndiko watu wanaharibu. Kila mzizi uliopandwa umekaa katika kidonda kidogo. Siku za kwanza, kama 10 hivi, unaweza kung'oka kwa kusuguliwa au kukunwa. Kuosha kunafanyika, tena ni lazima ili damu iliyokauka isigande na kuzaa usaha, lakini kunafanyika kwa siku na kwa namna aliyosema munganga: shampuu laini, maji ya uvuguvugu yakimiminwa kwa kikombe polepole, povu likibonyezwa kidogo bila kucha na bila kusugua. Mahali ambapo maji ni ya mto au ya chemchemi, kama sehemu nyingi za Yahuma, yachemshwe kwanza na yapoe. Magaga madogo yanaanguka yenyewe karibu na siku ya 10 mpaka ya 14. Anayeyabandua kwa kucha anabandua na pesa yake.

Shampuu ya dawa, kwa mfano ile yenye ketokonazoli inayoua kuvu ya mba, haipakwi kwenye vidonda vibichi kwa kujiamulia. Inakausha, inawasha, na mkono unaokuna unafuata. Munganga aliyefanya upasuaji ndiye anasema tarehe ya kuianza, na mara nyingi ni baada ya ngozi kufunga. Ikianza, inapakwa kwenye ngozi ya kichwa, inaachwa dakika 3 mpaka 5, inasuuzwa yote. Kuitumia kila siku kwa haraka ya kuona nywele hakuleti nywele.

Kuna kitu kingine kinachowatisha wengi: katika wiki za kwanza nywele zilizopandwa zinaanguka. Mtu anadhani ameibiwa, anakimbilia mafuta ya kila aina, majivu, majani yaliyotwangwa. Kuanguka huko ni kwa kawaida. Mzizi umebaki ndani, unapumzika, unaanza kutoa unywele mpya kama mwezi wa 3 au wa 4, na sura kamili inaonekana karibu na mwaka mzima. Jambo lisilo la kawaida ni usaha, homa, maumivu yanayoongezeka, wekundu au uvimbe unaoenea. Hapo mtu hangoji wiki ipite, anatafuta munganga, hata kama ni safari ya Kisangani.

Na kwa wengi wa Yahuma, ambao Istanbul si safari ya maisha yao, kitu cha maana zaidi kiko karibu. Nywele zinazotoka pembeni ya uso kwa wamama na wasichana, mara nyingi ni kwa ajili ya kusukwa kwa kuvuta sana, kuongezewa meshi nzito, au dawa ya kulainisha iliyochoma. Zikiachwa mapema zinarudi. Zikivutwa miaka na miaka mzizi unakufa, kovu linabaki, na hakuna shampuu wala kopo litakalolifufua. Mtoto mwenye mapunye naye hatoshwi na shampuu: ile inapunguza kuvu asiambukize wenzake, lakini kuvu imeingia ndani ya unywele, na dawa ya kumponya ni ya kumeza, kwa kipimo cha kituo cha afya. Wamama wanapoteza miezi wakipaka.

Biashara

Turudi kwa Madam Walker, maana maisha yake hayakuishia kwenye ngozi ya kichwa. Kutoka Denver alisafiri majimbo ya kusini, akifanya maonyesho makanisani na majumbani. Mwaka 1908 alifungua chuo Pittsburgh, akakiita Lelia kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 alihamia Indianapolis, mji wenye njia nyingi za reli, akajenga kiwanda. Mwaka uliofuata kampuni iliandikishwa. Ndoa na bwana Walker ilikwisha 1912. Jina alibaki nalo, lilikuwa tayari kwenye kila kopo.

Mwaka huo huo wa 1912, huko Chicago, kulikuwa na mkutano wa wafanyabiashara weusi chini ya Booker T. Washington, mtu mkubwa kuliko wote kati yao. Aliomba kusema, akanyimwa. Siku ya mwisho alisimama tu, bila kuitwa, akaeleza alivyotoka katika mashamba ya pamba, akapita kwenye beseni la kufua, akafika kwenye kiwanda kilichojengwa juu ya kiwanja chake mwenyewe. Mwaka uliofuata Washington alimkaribisha kama msemaji.

Nguvu yake ilikuwa wamama aliowafundisha. Kampuni ilisema wamefika elfu 20. Hata kama hesabu hiyo ilipambwa kidogo, maana matangazo ni matangazo, kitu alichowapa kilikuwa cha kweli: mama aliyekuwa akifua au kupika kwa wazungu sasa aliweza kupata kwa siku chache kile alichopata kwa mwezi. Mwaka 1917 aliwakusanya Philadelphia, zaidi ya 200, na zawadi hazikwenda kwa waliouza zaidi peke yao. Zilikwenda pia kwa waliosaidia zaidi katika mitaa yao. Aliuza pia nje: mwaka 1913 alizunguka Jamaica, Cuba, Haiti, Costa Rica na Panama.

Lazima isemwe pia kwamba si wote walimpenda. Wako wachungaji na viongozi weusi walioona biashara ya nywele kama njia ya kuwafanya watu weusi wafanane na wazungu. Hoja hiyo haijafa, huku Kongo pia inasikika kila mtu anapotaja defriza. Yeye alijibu kwamba anataka wamama wajitunze na wawe na kazi. Jibu hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba kitana cha moto kiliuza.

Afrika katika mwaka wake wa mwisho

Mwezi wa 7 wa 1917 watu weusi wengi waliuawa na wazungu katika ghasia za East St. Louis, ng'ambo ya mto kutoka mji alikofua nguo. Siku chache baadaye Madam Walker alikuwa katika ujumbe uliokwenda mpaka ikulu ya Washington kumwomba rais Woodrow Wilson aweke sheria dhidi ya mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi bila hukumu. Rais hakuwapokea. Muda mfupi kabla ya kufa aliahidi dola elfu 5 kwa ajili ya mapambano hayo, pesa nyingi sana kwa wakati ule.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, wakubwa walikwenda Paris kugawana makoloni ya Ujerumani. Kati ya makoloni hayo yalikuwa Rwanda na Urundi, majirani wa Kivu, na Tanganyika. Wakongo wenyewe walikuwa wamepigana huko, katika jeshi la Wabelgiji, na maelfu ya wabeba mizigo walikufa njiani. Mwezi wa kwanza wa 1919, nyumbani kwake kando ya mto Hudson, Madam Walker aliwakusanya watu weusi waliotaka sauti ya Waafrika isikike kwenye mkutano ule. Alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe wa kwenda Paris. Serikali ya Marekani haikumpa pasipoti. Rwanda na Urundi zikapewa Ubelgiji, Tanganyika ikapewa Uingereza.

Kuna wanaoeleza maisha yake bila kutaja jambo hili, kama vile alikuwa paka mama wa vipodozi. Alikuwa pia ametamani kujenga shule ya kazi za mikono Afrika, kwa mfano wa ile ya Booker T. Washington huko Tuskegee. Hakuifikia.

Nyumba ile ya Hudson iliitwa Villa Lewaro, ilichorwa na Vertner Tandy, msanifu mweusi, na ilikuwa na mwaka mmoja tu mwenyewe alipofariki. Ugonjwa wake haukuwa wa kichwa. Ulikuwa shinikizo la damu lililoharibu figo. Waganga walimwambia apumzike, akaendelea kusafiri. Alikufa tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51.

Aliacha mali iliyohesabiwa kati ya dola laki 6 na 7. Wasia wake ulitoa pesa kwa shule, makanisa na vituo vya yatima, na sehemu mbili kwa tatu za faida ya baadaye ziende kwenye misaada. Lelia, aliyekuwa amebadilisha jina kuwa A'Lelia, alirithi kampuni, akafanya nyumba yake New York kuwa mahali pa waandishi na wanamuziki, akafariki 1931. Jengo kubwa la kampuni, lenye kiwanda na ukumbi wa michezo, lilifunguliwa Indianapolis mwaka 1927 na bado limesimama. Mwaka 1998 Marekani ilitoa stempu ya posta yenye sura ya mama yule: nywele zake zimejaa, hana kitambaa kichwani.